Msitu Uliofagiliwa kwa Ajili ya Mgeni

Siku mliponiaga mlinipa saa ya ukutani. Nimeitundika sebuleni, na kila ikigonga inanikumbusha kwamba sina pa kuwahi. Ahsanteni. Mlisema pia niandike machache kuhusu kazi ya hewa ukaa ilivyoanza huku kwetu, kwa kuwa wengi wenu mmeikuta tayari ina gari na kiyoyozi.

Nitaandika kama mtu aliyechoka anavyoandika, taratibu na bila mapambo. Vyeo na mishahara nitaviruka. Cheo changu cha mwisho kilikuwa kirefu kiasi kwamba mimi mwenyewe nilikisoma kwenye kadi kabla ya kujitambulisha.

Kabla ya ofisi nilikuwa Somanga, barabarani, na sinia la samaki wa kukaanga. Basi la Lindi likisimama, abiria anatoa kichwa dirishani anataja bei yake, nawe unataja yako. Mnavutana. Dereva anakanyaga mafuta, na hapo ndipo bei ya kweli inajulikana. Chenji nilikuwa naihesabu mara mbili, ya kwanza mkononi mwangu, ya pili machoni mwa mteja. Anayekuibia huwa anaangalia pembeni kabla hujamaliza.

Mkuu wa shirika moja dogo la misitu, lenye ofisi Kilwa Masoko, alikuwa mteja wangu. Siku moja aliikataa bei yangu, akawazungukia wenzangu wote, akarudi.

"Mama Zuhura," aliniambia huku akitoa pochi, "wewe ungekuja kutusaidia kuzungumza na vijiji. Sisi tunawapa karatasi, wao wanatupa chai, tunarudi kama tulivyokwenda."

"Mtanilipa kwa mwezi au kwa maneno?"

"Kwa mwezi."

"Basi mmekula hasara," nikasema, na nikakubali.

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya harusini. Nilidhani ofisi ni meza. Mzee Hashimu, aliyekuwa mpimaji wetu, alivitazama viatu, akanipandisha kwenye pikipiki hadi porini. Huyu alikuwa amepima mbao na magogo maisha yake yote kabla hajaja kwetu, na alikuwa na tabia ya kuugusa kila mti aliopita, kama mtu anayekagua godoro dukani. Alinisimamisha mbele ya mti mnene wa mtondoro akanipa utepe.

"Pima kipenyo. Kimo cha kifua."

Nikauzungushia utepe. Akacheka kidogo kwa pua.

"Hapo umepima kiuno."

"Kifua cha nani, mzee? Changu kiko chini kuliko chako."

"Ndiyo maana kuna hii," akasema, akanipa fimbo iliyokatwa vizuri. "Mita moja na sentimita thelathini toka ardhini. Ukiwa hapa, ukiwa Brazili, ukiwa kwa Wachina, ni hapo hapo. Dunia haijakubaliana mengi, bibi, lakini hili imekubaliana."

Nimehudhuria mikutano mingi ya tabianchi tangu siku ile, na ninashuhudia kwamba Mzee Hashimu alikuwa sahihi. Makubaliano ya fimbo ndiyo pekee ambayo sijawahi kusikia mtu akiomba yajadiliwe upya.

Jambo la pili alilonifundisha lilikuwa chuma. Msitu mzima haupimiki, kwa hiyo unachagua vipande vidogo vya duara huku na kule, navyo tunaviita viwanja vya mfano, unapima kila mti uliomo, halafu unakadiria msitu wote. Baada ya miaka unarudi kwenye viwanja vile vile kuona miti imenenepa au imekatwa. Katikati ya kila kiwanja Mzee Hashimu alikuwa anafukia kipande cha nondo, anakisawazisha kwa majani, tunaondoka. Hakuna rangi wala kibao. Ukirudi unakitafuta kwa mashine ya kunusa vyuma.

"Kwa nini tusiweke jiwe jeupe?" nilimuuliza. "Tutapata shida kupaona."

"Shida ni yetu. Ukiweka jiwe jeupe, watu watapachunga hapo tu na kwingine watakata. Au watapakata hapo kwa hasira. Kiwanja kikijulikana hakisemi tena habari za msitu. Kinasema habari za jiwe."

Hayo yaandikeni mahali.

Wakati huo bado tulikuwa tunajaribu kuuza magogo ya mpingo na mninga kwa niaba ya vijiji. Hewa ilikuja baadaye. Wakubwa walirudi kutoka semina na habari kwamba kuna watu Ulaya, makampuni yanayotoa moshi, yako tayari kulipa ili moshi kama huo usitoke mahali pengine. Kama msitu wa Kilwa ungeungua na haukuungua, ule moshi ambao haukutoka unapimwa kwa tani, na kila tani ina bei. Nilisikiliza mpaka mwisho, nikauliza swali moja: anayenunua anaondoka na nini mkononi? Wakasema cheti. Nikajua tutakuwa na kazi.

Nilipelekwa nje mara moja kwenye ile mikutano mikubwa, niwe mfano wa jamii. Nilivaa gauni la kitenge na nilipiga picha nyingi. Nilichokiona ni ukumbi mkubwa kuliko soko la Kilwa Masoko, na watu wa mataifa yote wakibishana juu ya aya moja ambayo nusu yake ilikuwa kwenye mabano, maana yake haijakubaliwa. Hoja yenyewe ilikuwa ya haki. Nchi moja ikinunua tani zetu na kuzitia kwenye hesabu yake, sisi inabidi tuzitoe kwenye yetu, la sivyo tani moja inakuwa imeiokoa dunia mara mbili. Mimi nahesabu kila kitu mara mbili, lakini sijawahi kulipwa mara mbili, kwa hiyo niliielewa haraka. Wao hawakuielewa haraka. Walibishana siku nzima, wakala, wakabishana tena. Kilichonikera ni kwamba hakuna basi lililokuwa linaondoka. Mtu asiye na basi la kuwahi anaweza kupunguza bei mpaka kiama. Ule mkutano ulikwisha kwa kukubaliana kuendelea kuzungumza, watu wakapiga makofi.

Sasa niwape kesi ngumu, maana ndiyo mliyoiomba, ingawa mlijifanya mnaomba historia.

Kipo kijiji magharibi mwa Miteja, ndani kabisa, ambacho jina lake halisi naliacha. Nitakiita Mkole. Msitu wake unashuka hadi ndani ya bonde lenye udongo mweusi, na udongo mweusi kwa ufuta ni kama samaki mbichi kwa paka. Mwaka ambao bei ya ufuta ilikuwa nzuri mnadani, watu wa Mkole walilitazama bonde lile kila walipokwenda kuoga mtoni. Mwenyekiti wa kamati ya maliasili ya kijiji alikuwa Bi Somoe, mjane, mkulima wa korosho, mwenye sauti ya chini inayowalazimisha watu kunyamaza. Nilikuwa namwita dada, naye ananiita mdogo wangu, hata siku nilipokuwa na wageni wenye tai.

Kwenye mkutano mkuu wa kijiji nilieleza biashara ya hewa. Nilieleza kwamba mwezi wa tano na wa sita, majani yakiwa bado na unyevu, tutachoma kidogo kidogo kwa mpango, ili moto mkali wa mwezi wa kumi ukija usikute cha kula.

Mzee mmoja akainua mkono. "Kwa hiyo mnatulipa tuchome msitu ili msitu usiungue?"

"Ndiyo, mzee."

Akafikiri. "Haya, endelea."

Aliyesumbua alikuwa Chande, mtoto wa kaka yake Bi Somoe. Alikuwa na watoto wadogo, shamba la zamani lililochoka, na ulimi usiochoka.

"Shangazi," alisema amesimama, "mimi ufuta wangu naupeleka mnadani, unawekwa kwenye mizani, sindano inapanda naiona. Hiyo hewa anaipima nani?"

"Wakija kuipima wataanzia kwako," Bi Somoe akamjibu, "maana wewe ndiye unayeitoa kwa wingi."

Watu walicheka, Chande mwenyewe akacheka, lakini hakukaa. Alisema shamba lake halizai tena, wenzake wako hivyo hivyo, na bonde lipo. Kama hewa haina pesa waambiwe mapema wakalime. Alisema kweli, na kila mtu pale alijua anasema kweli.

Hapo Bi Somoe akafanya jambo ambalo mimi kama mchuuzi nisingelifanya. Aliweka bei yake mezani kabla hajaulizwa.

"Nipeni misimu mitano ya kilimo," alisema. "Jembe lisiingie msituni. Misimu mitano ikipita na hewa haijaleta kitu kijijini hapa, bonde lifunguliwe na mimi kiti hiki nakiacha. Na wewe Chande uwe wa kwanza kuchagua."

Mtendaji wa kijiji aliandika. Watu wakanyoosha mikono. Njiani nilimwambia, "Dada, umeuza bei ya mwisho mwanzoni."

"Mdogo wangu, wale si abiria. Kesho nitakuwa nao kisimani."

Basi tukaanza. Kamati ilijifunza kupima. Mzee Hashimu alifukia nondo zake, na kwa kuwa kijiji ndicho kilichokuwa kinapima na kuzibeba, kila aliyeshika utepe alijua zilipo. Tulilijua hilo. Usingeweza kuwaambia watu msitu ni wenu halafu ukawafunga macho. Tuliwaeleza sababu ya kufukia, wakatikisa vichwa kwa adabu, kama mnavyotikisa ninyi nikieleza mambo ya risiti.

Misimu ikaanza kupita. Makaratasi yakaenda na kurudi. Kuna kuandikisha mradi, kuna kukaguliwa na kampuni ya nje ambayo si yetu wala si ya mnunuzi, kuna kibali cha serikali, kisha ndipo cheti. Kila hatua ina mtu wake, na kila mtu ana likizo yake. Chande akikutana na shangazi yake njiani alikuwa anamwamkia vizuri, "Shikamoo shangazi," na akishajibiwa marahaba anaongeza, "Upepo unasemaje leo?" Bi Somoe alikuwa anajibu kwamba upepo unamsalimia.

Msimu wa nne ukielekea mwisho, barua ikaja. Mkaguzi anakuja. Kwa yeyote ambaye hakuelewa uzito wake, ilikuwa hivi: akipitisha, mnunuzi tuliyekwisha kumpata alikuwa tayari kulipa kabla ya msimu wa tano kuisha, na bonde lilikuwa limepona.

Nilituma ujumbe kijijini kwamba mkaguzi anatoka ng'ambo, jina lake Ernesto, anatoka Peru, na atapenda kuviona viwanja vya mfano. Niliongeza kwamba wasifanye chochote. Nasikia maneno hayo yalipofika yaliamsha mjadala. Walikubaliana kwamba Bi Zuhura ana adabu, anasema hivyo ili asiwape taabu.

Tulifika asubuhi. Ernesto alikuwa mtu mfupi, mkimya, kofia ya majani, viatu vilivyokwisha kisigino, dalili nzuri kwa mkaguzi. Bi Somoe alitupokea amevaa kanga mpya, wakatupa madafu, tukaingia msituni kwa mguu. Mashine ya kunusa vyuma nilikuwa nimeibeba mimi. Sikuiwasha.

Kiwanja cha kwanza kilionekana tangu mbali. Kilikuwa kimefagiliwa. Nasema kufagiliwa kama uwanja wa nyumba siku ya Idi, na mistari ya ufagio ikionekana kwenye mchanga. Mawe yalikuwa yamepangwa duara nzima, yamepakwa chokaa. Miti nayo imepakwa chokaa kuanzia chini hadi usawa wa kiuno, kama miti ya barabarani akija kiongozi. Vichaka vimekatwa. Magogo yaliyolala, miti mikavu iliyoanguka, ambayo katika hesabu yetu ina tani zake kamili, haikuwepo.

Ernesto alisimama. Mimi nilisimama nyuma yake. Bi Somoe alitutazama wote wawili kama mtu anayesubiri kusifiwa chakula.

"Muulize," Ernesto akaniambia kwa Kiingereza chake cha taratibu, "viwanja vingine viko hivi pia?"

Nikamuuliza.

"Vyote," alisema Bi Somoe. "Tumefanya wiki nzima. Kuna kimoja chokaa ilituishia, tukamalizia na majivu. Mwambie atusamehe kwa hicho."

Nikatafsiri kama alivyosema, pamoja na msamaha.

"Na kuni zilizokuwa chini?"

"Hizo zimepikia pilau yake," alisema Bi Somoe. "Mwambie asiwe na wasiwasi, hatujakata hata tawi bichi. Tumeokota zilizokufa tu."

Ernesto aliketi kwenye jiwe mojawapo. Chokaa ikamshika suruali. Aliandika kidogo, akaacha, akafunga kalamu. Mzee Hashimu aliyekuwa nyuma yetu alijishika kiuno akatazama juu kwenye majani.

Tulikula pilau ile. Ilikuwa nzuri, na mgeni alikula sehemu ya tani alizokuja kuzihesabu. Baada ya chakula alinivuta pembeni akaniambia waziwazi. Viwanja vyote vimeguswa. Hana njia ya kujua kama vimetendewa hivi kwa siku saba au kwa miaka minne, kama msitu umetunzwa au yametunzwa maduara tu. Angelazimika kuandika kwamba ukaguzi umeshindikana.

Hapo ndipo nilipofanya kazi niliyoajiriwa.

"Kwenu Peru," nikamuuliza, "mgeni akija hamfagii?"

"Tunafagia."

"Basi unajua kilichotokea hapa."

"Najua. Lakini siandiki ninachojua. Naandika ninachoweza kuonyesha."

Mtu akikupa sababu ambayo wewe mwenyewe ungeitoa, acha kubishana naye, badilisha bidhaa. Nikamwambia viwanja hivi avitupe vyote. Achague vingine yeye, kwa mashine yake ya ramani, mahali popote msituni, bila kutuambia mpaka tufike. Apime kwa mkono wake. Kama msitu umekatwa ataukuta umekatwa, kwa kuwa watu hawawezi kufagia msitu mzima.

Alijipangusa chokaa ya suruali. Akasema hilo linawezekana, lakini vipimo vya kwanza vitakuwa vimepoteza nguvu, kwa hiyo tani zitakatwa sana kwa ajili ya tahadhari, na ripoti itabidi irudi kwa mabosi wake upya.

"Itachukua muda gani?"

"Muda."

"Sina muda. Yule mama hana muda."

"Bi Zuhura, hiki ndicho nilichonacho."

Nilitaka kuongeza neno. Niliangalia uso wake nikaona nimefika mwisho wa bei. Tukakubaliana.

Nilimweleza Bi Somoe jioni ile. Nilijaribu kueleza taratibu kwamba usafi ndio umeharibu. Alisikiliza, mikono magotini.

"Kwa hiyo angekuta pachafu tungelipwa."

"Ndiyo, dada."

"Na hawa ndio watu wanaotaka kutufundisha kutunza msitu."

"Ndiyo."

Alikung'uta kanga yake mpya. "Wale watoto walibeba chokaa kichwani kutoka barabarani," alisema. "Usiwaambie."

Siku zilizofuata tulitembea na Ernesto mahali ambapo hata nguruwe hawapiti. Nzi wa ndorobo walitunyonya, upupu ukatuwasha mpaka Mperu wa watu akajikuna kwa fimbo ya kupimia. Alipima kila mti. Msitu ulikuwepo. Haukuwa umekatwa, wala moto mkali haukuwa umepita, na yeye mwenyewe alisema, akimwambia Bi Somoe wakati wa kuagana, kwamba ameona misitu mingi yenye makaratasi mazuri zaidi na miti michache zaidi. Nililitafsiri hilo mara mbili. Mara ya pili hakuniomba.

Yaliyofuata mnayajua wote kwa ujumla, mkiyaita changamoto za soko. Ripoti ilirudishwa na maswali, ikajibiwa, ikarudishwa. Wakati huo huo magazeti ya ng'ambo yaliandika kwamba miradi fulani ya misitu, si yetu, iliuza tani ambazo hazikuwepo. Wanunuzi wakaogopa wote kwa pamoja, kama watu wanaokimbia sokoni bila kujua kuna nini. Tani ambayo nilizoea kuieleza vijijini kwa bei ya jogoo ikawa ya yai. Nchi nayo ikatoa utaratibu mpya wa biashara ya hewa ukaa, jambo jema na lililochelewa, likahitaji vibali vipya. Mnunuzi wetu akaandika barua ndefu yenye huzuni nyingi, akajitoa. Nilisafiri, nilipiga simu, nilikaa kwenye mabenchi ya ofisi Dar es Salaam mpaka walinzi wakanijua jina. Nilipata mnunuzi mwingine aliyekubali kulipa kidogo, baadaye. Msimu wa tano ulikuwa umekwisha.

Mkutano uliitishwa. Nilikwenda, ingawa hakuna aliyenialika na hakuna aliyenizuia. Chande alisimama, na nitakuwa mwongo nikisema alifurahia.

"Shangazi, ulisema."

"Nilisema," Bi Somoe akajibu. "Kaa, mwanangu, usisimame kama unadai. Sijakataa."

Akainuka, akatoa ufunguo wa stoo ya kamati, wenye kamba nyekundu, akauweka mezani mbele ya mtendaji. Akasema bonde lifunguliwe kama ilivyoandikwa. Kuna waliotaka kusema waongezwe muda, niliwaona wakitazamana, lakini yeye hakuwapa nafasi.

"Niliahidi bonde," aliendelea. "Sikuahidi msitu wote. Bonde linaishia pale udongo mweusi unapogeuka mwekundu. Chande, ni uongo?"

"Ni kweli."

"Kesho twende tukaweke vigingi vya mpaka. Na Chande achague kwanza, kama nilivyosema. Wengine wafuate. Mimi mniache mwisho."

"Na wewe unataka shamba?" Chande akauliza. Watu wakaguna. Miaka mitano mama yule alilizuia bonde, na sasa naye anataka kipande.

"Mimi si mkazi wa hapa? Nina wajukuu, nami nalima."

Kesho yake tulikwenda wote. Nilishika utepe upande mmoja. Chande alichagua pazuri, karibu na maji, na hakuna aliyemlaumu. Wengine wakapimiwa, bonde likajaa. Ilipofika zamu ya Bi Somoe hapakuwa na kipande cha maana kilichobaki.

"Kipi unataka, Bi Mkubwa?" mtendaji akamuuliza, kwa haya kidogo.

"Nipeni haya makombo ya pembeni. Huu ukanda, pale juu, udongo unapogeuka rangi. Upana huu tu," akaonyesha upana kama wa nyumba mbili. "Toka mwanzo wa bonde mpaka mwisho wake."

Chande alicheka kwa upole. "Shangazi, hapo ufuta hautoki. Kichanga kitupu."

"Sipandi ufuta. Napanda mikorosho."

"Basi chukua, nani atakukatalia?"

Wakanyoosha mikono, mtendaji akaandika, wakagonga vigingi. Ukanda mwembamba, mrefu, kama kamba iliyolazwa baina ya mashamba na msitu. Mimi nimeishi kwa kupatana bei, na ilinichukua mpaka tunarudi kijijini kuelewa nilichokiona. Chande alielewa msimu uliofuata, alipotaka kusogeza shamba lake juu kidogo, kama watu wote wenye mashamba wanavyosogeza. Alikwenda kwa shangazi yake, nami nilikuwepo barazani nikinywa uji.

"Shangazi, sisi tukitaka kupanua tutapitia wapi?"

"Kupanua kwenda wapi?"

"Kule juu."

"Kule juu ni lazima upite kwangu," alisema Bi Somoe, akiendelea kubangua korosho. "Kupita na miguu, karibu, hata kila siku. Kupita na jembe kwenye mikorosho ya shangazi yako, kamuulize baba yako kwanza kama inafaa."

Chande aliniangalia mimi, kana kwamba nilikuwa nimemuuzia kitu. Kisha akakaa, akaomba uji.

Mikorosho ile imeshika. Inapaliliwa chini kila mwaka kama korosho zinavyotaka, kwa hiyo hata moto wa mashambani ukikimbia unafika pale unakosa nyasi. Pesa ya mnunuzi wa pili ilikuja, ikatosha kuezeka nyumba ya mwalimu, si zaidi. Bonde tulilipoteza na halitarudi, na kila nikipita na kuuona ufuta umechanua najua kwamba ni mzuri na kwamba ulikuwa msitu. Juu ya ukanda, msitu upo.

Mwaka wangu wa mwisho kazini alikuja mkaguzi mpya, kijana wa ng'ambo, na picha za setilaiti kwenye kompyuta yake. Akauona mstari ule umenyooka kati ya rangi mbili akaniuliza ni mradi gani, umefadhiliwa na nani, na tuuweke kwenye ripoti kwa tani ngapi.

Nikamwambia ni shamba la korosho la mtu binafsi. Kwa kanuni zao shamba halihesabiwi, kwa hiyo akaandika sifuri, na mimi nikamwangalia akiandika, nikahakikisha ameandika hivyo, hapo nako pasije pakawekwa jiwe jeupe.